Ndege Ndogo za Plastiki

Katika masomo ya jiografia umejifunza kwamba ramani ni picha ya nchi iliyopunguzwa kwa kipimo maalumu. Kipimo hicho huitwa skeli. Bila skeli usingeweza kujua umbali wa kutoka Dodoma mpaka Tabora kwa kutazama ramani. Sasa tutajifunza juu ya vitu vingine vinavyopunguzwa kwa skeli, ila vitu hivi huundwa kwa mikono. Navyo ni ndege ndogo za plastiki.

Ndege hizi huuzwa zikiwa vipande vipande ndani ya boksi. Anayezinunua huziunganisha kwa gundi na kuzipaka rangi mwenyewe. Huko Ulaya, Marekani na Japani watu wengi, watoto kwa wakubwa, hufanya kazi hii wakati wa mapumziko. Ndege ya namna hii huitwa modeli. Usiichanganye modeli na ndege ya kuchezea. Fundi wa ndege ya kuchezea aweza kuipa mabawa ya urefu wowote anaoupenda. Fundi wa modeli hana uhuru huo. Kila sehemu, tangu ncha ya pua mpaka ncha ya mkia, hapana budi igawanywe kwa namba ile ile moja.

Namba 72

Skeli inayotumika sana kwa modeli za ndege ni 1:72. Maana yake ni kwamba sentimeta 1 ya modeli ni sawa na sentimeta 72 za ndege halisi. Tuchukue mfano wa Spitfire, ndege ya vita ya Uingereza iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Kutoka ncha ya bawa moja mpaka ncha ya bawa la pili ilikuwa na mita 11.23, yaani milimeta 11,230. Gawanya kwa 72. Utapata karibu milimeta 156. Ndege iliyohitaji banda kubwa sasa yaweza kuwekwa juu ya kitabu hiki. Rubani mwenye urefu wa sentimeta 180 atakuwa na sentimeta 2 na nusu. Mwanafunzi mwenye urefu wa sentimeta 144 atakuwa na sentimeta 2 tu. Je, wewe ungekuwa na urefu gani?

Huenda ukauliza kwa nini ilichaguliwa 72, namba ngumu kugawanyia, badala ya 100. Skeli hii ilianza kutumika Uingereza wakati watu wa huko walipopima kwa futi na inchi. Waliamua inchi 1 iwe badala ya futi 6. Futi moja ina inchi 12, na 6 mara 12 ni 72.

Kwa ndege kubwa za abiria skeli hiyo haifai sana. Shirika la East African Airways, lililokuwa mali ya Kenya, Tanzania na Uganda mpaka lilipovunjika mwaka 1977, lilikuwa na ndege za aina ya Super VC10. Ndege ya mwisho kabisa ya aina hiyo kutengenezwa ilikabidhiwa kwa shirika hilo mwaka 1970. Ndege hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 52. Katika skeli ya 1:72 modeli yake ingekuwa na sentimeta 73, ikajaza meza nzima. Kwa hiyo ndege za abiria aghalabu hutengenezwa katika skeli ya 1:144, ambayo ni nusu ya ile ya kwanza.

Modeli zilizookoa maisha

Nyosha mkono wako na utazame mti ulio mbali. Kidole gumba chako chaweza kuuficha mti mzima. Kitu kidogo kilicho karibu na kitu kikubwa kilicho mbali huweza kuonekana sawa machoni. Kwa sababu hiyo, modeli ya 1:72 ikiwekwa mita 10 kutoka ulipo, utaiona kwa ukubwa ule ule ambao ungeiona ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Hesabu yake ni rahisi: 10 mara 72.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jambo hili lilikuwa na maana kubwa. Mwenye mzinga aliye chini huona angani kivuli cheusi kinachokwenda mbio. Ana sekunde chache tu za kuamua kama ni ndege ya adui au ya wenzake. Rubani naye yu katika hali hiyo hiyo. Tarehe 6 Septemba, 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kuingia vitani, ndege za Spitfire za Uingereza zilizishambulia ndege za Hurricane, ambazo nazo zilikuwa za Uingereza. Marubani walidhani wanapambana na adui. Hurricane mbili ziliangushwa na rubani mmoja akafa, naye aliuawa na wenzake.

Basi ikabidi askari wafundishwe kuyatambua maumbo ya ndege, kutoka mbele, kutoka ubavuni na kutoka chini. Picha hazikutosha, kwa kuwa picha huonyesha upande mmoja tu. Modeli huweza kugeuzwa. Mwaka 1942 jeshi la wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule watengeneze modeli 500,000 kwa ajili ya mafunzo hayo. Zilichongwa kwa mbao katika skeli ya 1:72 na kupakwa rangi nyeusi, ili zionekane kama kivuli cha ndege angani. Modeli zilikaguliwa, na zile zenye vipimo visivyo sahihi zilikataliwa. Waweza kuelewa kwa nini. Askari aliyejifunza kwa modeli yenye bawa lisilo sahihi angekwenda vitani na kosa hilo kichwani mwake.

Kutoka mbao kwenda plastiki

Modeli za plastiki zilianza kabla ya vita. Kampuni moja ya Uingereza iliyotumia jina la FROG ilikuwa ikiuza ndege ndogo zinazoruka kweli. Mwaka 1936 ilianza kuuza na modeli za plastiki zisizoruka, ikaziita Penguin. Penguin ni ndege wa baharini mwenye mabawa ambaye hawezi kuruka, hivyo jina hilo lilifaa sana! Lakini plastiki ya siku zile ilikuwa na kasoro: baada ya miaka ilijipinda. Baada ya vita ilitumika plastiki iliyo bora zaidi, iitwayo polistirini. Mwaka 1953 kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa modeli yake ya kwanza ya Spitfire katika skeli ya 1:72.

Polistirini si kitu kigeni kwako. Mwili mgumu wa kalamu nyingi za bei nafuu umetengenezwa kwa plastiki hiyo. Kiwandani punje zake huyeyushwa kwa joto la nyuzi 200 za Sentigredi au zaidi, kisha husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Plastiki hupita katika njia nyembamba, ikajaza kila tundu la kalibu, ikapoa na kuwa ngumu. Kalibu ikifunguliwa hutoka kiunzi chenye vipande vingi, kama matunda kwenye matawi yake. Hayo matawi ni ile plastiki iliyoganda njiani.

Kuunganisha

Vipande hukatwa kutoka katika kiunzi kwa koleo dogo au kisu kikali. Usivivunje kwa vidole, maana utaacha pengo. Ukitumia kisu, elekeza makali mbali na mwili wako. Kibaki cha tawi husuguliwa kwa msasa laini mpaka kiwe sawa na sehemu nyingine. Kisha kabla ya kutia gundi jaribu kwanza kama vipande vinakaana vizuri.

Gundi ya modeli ni ya ajabu kidogo. Gundi ya karatasi hukauka katikati ya vitu viwili na kuvishika. Gundi ya modeli ni kiyeyusho, yaani kiowevu kinachoyeyusha plastiki yenyewe. Ili uelewe, chukua vipande viwili vya sukari guru. Lowanisha kidogo upande mmoja wa kila kipande, vibane pamoja, kisha viache vikauke. Utaona vimekuwa kipande kimoja. Maji yameyeyusha sukari ya pande zote mbili, sukari hizo zikachanganyika, halafu maji yakaenda zake hewani. Plastiki nayo hufanya vivyo hivyo. Kiyeyusho hugeuka mvuke na kutoweka, na mahali pa kiungo hubaki plastiki tupu.

Kwa hiyo gundi kidogo yatosha. Ikizidi, ukuta mwembamba wa bawa huyeyuka na kubonyea, na ukiugusa, alama ya kidole chako haitatoka tena. Mvuke wa gundi hiyo ni sumu, tena hushika moto upesi. Fungua madirisha, kaa mbali na jiko na taa ya moto, wala usiinuse gundi kwa makusudi hata kidogo. Mtoto asiifanye kazi hii bila mtu mzima kuwapo.

Kiwiliwili cha ndege huwa nusu mbili, ya kushoto na ya kulia. Kiti cha rubani na vyombo vyake hupakwa rangi na kuwekwa ndani kabla ya nusu hizo kuunganishwa. Baada ya hapo brashi haiwezi kufika. Mabawa yakishabandikwa, itazame ndege kutoka mbele kabla gundi haijakauka. Mabawa mawili yainuke sawasawa.

Kupaka rangi

Kwanza osha modeli kwa maji ya sabuni na uiache ikauke. Mafuta ya vidole na ya kiwandani huizuia rangi kushika.

Sasa ikumbuke namba yetu. Ukipaka rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimeta, ni kana kwamba ndege halisi imepakwa rangi yenye unene wa milimeta 7.2. Hakuna ndege inayopakwa hivyo! Mistari midogo ya mabati na vishimo vya misumari vyote vitafukiwa. Ndiyo maana rangi hupunguzwa ukali ikawa nyepesi, ikapakwa mara mbili au tatu, kila mara baada ya ile ya kwanza kukauka. Rangi nyeupe na za kung'aa hutangulia, nyeusi hufuata, kwa sababu rangi nyeusi huifunika nyeupe kwa urahisi.

Spitfire za mwaka 1940 zilipakwa mabaka ya kahawia na kijani upande wa juu. Chini zilipakwa rangi hafifu inayofanana na anga. Adui aliyekuwa juu yake aliona kama shamba na msitu. Aliyekuwa chini aliona kama mbingu. Je, unawajua wadudu wanaojificha kwa njia hiyo?

Wajenzi hodari huongeza tone la rangi nyeupe katika kila rangi. Milima ya mbali huonekana hafifu kuliko ya karibu, kwa sababu ya hewa na vumbi vilivyo katikati. Modeli ni kama ndege iliyo mbali, hivyo rangi yake nayo yapasa ififie kidogo.

Kwa nini haiwezi kuruka?

Hata ukiitia injini ndogo, modeli ya plastiki haitaruka vizuri, kwa kuwa ni nzito mno. Urefu hugawanywa kwa 72 mara moja. Uzito hugawanywa mara tatu, yaani kwa 72, tena kwa 72, tena kwa 72, kwa sababu kitu kina urefu, upana na kimo. Spitfire ya mwaka 1940 ilikuwa na uzito wa zaidi kidogo ya kilo 2,600. Modeli yake ingepaswa kuwa na gramu 7 tu, karibu sawa na kijiko cha chai cha chumvi. Lakini ukuta wa plastiki wenye unene wa milimeta 1 ni sawa na ukuta wa milimeta 72 katika ndege halisi, ambayo ngozi yake ilikuwa bati jembamba la alumini.

Jaribio

Chukua karatasi ngumu na ukate maumbo mawili. La kwanza liwe Spitfire: mabawa ya sentimeta 15.6 kutoka ncha mpaka ncha, yenye umbo la yai. La pili liwe Hurricane: mabawa ya sentimeta 16.9, yenye kingo zilizonyooka zaidi na ncha za mviringo. Viwiliwili vyote viwe na urefu wa karibu sentimeta 13. Yapake yote rangi nyeusi kwa masizi au wino. Mwenzako asimame mita 10 kutoka ulipo, ainue umbo moja kwa kuhesabu mpaka mbili, kisha alifiche. Sema ni ndege gani. Rudieni mara 20 na uandike idadi ya majibu sahihi. Halafu asogee mpaka mita 20, mrudie tena.

Maswali

1. Katika mita 20, ni kana kwamba unaitazama ndege halisi iliyo umbali gani?
2. Majibu yako sahihi yalipungua kwa kiasi gani ulipotoka mita 10 kwenda mita 20?
3. Eleza tofauti ya gundi ya karatasi na gundi ya modeli.
4. Pima urefu na upana wa darasa lako. Katika skeli ya 1:72, je, Spitfire ya modeli ingeweza kuingia ndani yake?