Kutoka Kwale hadi Malindi kwa njia za vumbi: Maswali manne kabla ya kupanda baiskeli

Vijana wanaopenda baiskeli wameongezeka hapa Mombasa, na wengi wao sasa wamechoka na barabara kuu ya Malindi, ambako matatu na malori hayampi mwendesha baiskeli hata nafasi ya kupumua. Wanataka njia za vumbi za huku nyuma, siku tatu au nne mashambani na nyikani, blanketi na sufuria zimefungwa kwenye baiskeli yenyewe.

Mwaka huu mimi na wenzangu watano tumejipangia safari ya namna hiyo. Tutaanzia Kwale mjini, tupite Kinango, Mariakani, Bamba, Ganze na Vitengeni, kisha tuelekee Jilore na kuteremka hadi Malindi. Kwa makadirio yetu ni kilomita 200 na zaidi kidogo. Tangu habari hizi zienee mtaani, swali ninaloulizwa kila mara ni moja: njia kama hiyo hupangwa vipi?

Wengi hudhani jibu ni simu. Unaandika Kwale, unaandika Malindi, mstari unatokea. Lakini mstari huo haujui kwamba kisima fulani kina maji ya chumvi, wala kwamba kijia fulani kinapita katikati ya kaya. Kwa maoni yangu, safari hii hupangwa kwa maswali manne, tena kwa utaratibu huu: ni msimu gani, maji yako wapi, ardhi ni ya nani, na nikishindwa nitatokea wapi.

Msimu na upepo

Wazee wetu wa majahazi hawakung'oa nanga kabla ya kujua upepo unavuma kutoka wapi. Mwenye baiskeli naye afanye vivyo hivyo. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia mwezi wa Aprili hadi Septemba hivi, na kaskazi hushika zamu yake kuanzia Desemba hadi Machi. Anayetoka Kwale kwenda Malindi anaelekea kaskazini, kwa hiyo kusi itamsukuma mgongoni. Akienda Februari, kaskazi itampiga usoni na joto litakuwa katika kilele chake.

Ya pili ni mvua. Masika ya Aprili na Mei hugeuza njia za Kinango na Ganze kuwa tope zito linalonata. Tope hilo hujaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likatae kuzunguka, na hapo ni wewe unayeibeba baiskeli. Mito ya msimu, ambayo wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, inaweza kujaa kwa saa chache kwa sababu ya mvua iliyonyesha mbali, mahali usipopaona. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ina matatizo hayo hayo.

Ukiweka upepo na mvua pamoja, dirisha linalobaki ni Julai hadi Septemba: masika yamepita, jua limepoa kidogo, kusi bado inavuma. Ndiyo miezi tuliyochagua.

Maji

Hapa ndipo safari hupona au huharibika. Anayeendesha baiskeli yenye mizigo kwenye jua letu huhitaji kati ya nusu lita na lita moja ya maji kwa saa. Tuseme ni robo tatu ya lita, kwa saa saba. Hiyo ni zaidi ya lita tano. Ongeza ya kupikia na kunawa, unafika lita saba kwa mtu mmoja kwa siku. Sisi ni sita, kwa hiyo ni lita 42, yaani mitungi miwili ya lita 20 na ziada.

Sasa hesabu hiyo uipeleke kijijini. Kinango na Ganze ni miongoni mwa sehemu za Pwani ambazo ukame huzipiga mara kwa mara. Visima vingi vya Kinango vina maji ya chumvi. Kuna akina mama wanaotembea saa nzima au zaidi kuufuata mtungi mmoja, na kuna wanaoununua. Wageni sita wakifika jioni wakaomba maji, hakuna Mgiriama wala Mduruma atakayewanyima, kwa maana kumnyima mgeni maji ni aibu. Lakini wakiondoka asubuhi, nyumba hiyo imebaki na mitungi miwili mitupu.

Kwa hiyo tumeweka masharti yetu. Kwanza, kila mtu abebe lita sita anapoondoka kwenye mji wenye maduka. Kila lita ni kilo moja, kwa hiyo nguo zitapunguzwa ili maji yaongezwe. Pili, maji ya kijijini tutayalipia kwa bei ya pale pale, hata mwenyeji akikataa. Akikataa fedha, tutaacha unga na sukari. Tatu, tutapiga simu wiki moja kabla kuuliza kama maji yapo. Yasipokuwepo, tutapita bila kulala.

Kusoma ramani

Baada ya hapo ndipo simu huingia kazini. Programu kama OsmAnd na Organic Maps hufanya kazi bila mtandao ukishapakua ramani ya Kenya, na hilo ni muhimu kwa sababu kati ya Bamba na Vitengeni huwezi kutegemea mtandao. Zote mbili hutumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Uzuri wake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuongeza kijia anachokijua. Udhaifu wake ni huo huo: kijia kilichochorwa miaka kumi iliyopita na mtu aliyekiona kwenye picha ya setilaiti huenda leo ni shamba la mahindi.

Kwa hiyo mimi hufungua picha za setilaiti na kufuata mstari wangu kipande kwa kipande. Natafuta mabati yanayong'aa, kwa kuwa hapo pana watu. Natafuta vijia vingi vyembamba vinavyokutana mahali pamoja kama vidole kwenye kiganja: hizo ni njia za ng'ombe, na mara nyingi zinapokutana ndipo penye silanga. Natazama pia rangi ya njia. Nyeupe pana kwenye kingo za mto ni mchanga, na kwenye mchanga baiskeli husukumwa.

Jambo jingine ni reli. SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na tuta lake limekata njia kadhaa za zamani. Anayetoka Kinango kwenda Mariakani lazima aivuke, na kuvuka ni kwa kupita chini, kwenye vivuko vilivyojengwa. Ukiwa na ramani ya zamani unaweza kufika kwenye ua na kulazimika kurudi kilomita kadhaa.

Lakini ramani bora kuliko zote iko mdomoni mwa mtu. Wachukuzi wa maji wanaofunga mitungi minne kwenye karia ya baiskeli, wauza makaa, wagema wa Kaloleni na vijana wa bodaboda wanajua njia ipi ina mchanga mwezi huu na daraja lipi limechukuliwa na maji. Nimekaa na watu wa bodaboda wa Mariakani nikiwa na mstari wangu mkononi, na katika nusu saa walinibadilishia sehemu tatu. Ukiuliza, usiseme "njia hii inafika Bamba?" Kwa adabu utaambiwa inafika. Sema, "Ungekuwa wewe na baiskeli yenye mzigo, ungepita wapi?"

Ardhi ni ya nani

Anayetazama bara la Pwani kwenye simu huona rangi moja ya kijani na kahawia, akadhani ni pori lisilo na mwenyewe. Hakuna ardhi ya namna hiyo huku. Ni mashamba, malisho, makaburi, misitu na hifadhi, na kila kimoja kina wa kuulizwa.

Kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini heshima yake ilikuwepo kabla ya UNESCO kuzaliwa. Ndani ya kaya kuna miiko, na wazee ndio wanaoamua nani aingie, wapi na vipi. Kijia kinachoonekana kwenye ramani kikikatiza msitu wa kaya hakikupi ruhusa. Sisi tumeamua kuzizunguka zote.

Kisha kuna ndovu. Kati ya Kwale na Kinango kuna Mwaluganje, ardhi ambayo wenye mashamba waliitenga miaka ya 1990 ili ndovu wapate njia kati ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje. Upande wa Malindi kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wa kilomita za mraba 420 hivi, nao una ndovu wake. Baiskeli haina kelele, na hilo ni hatari, kwa sababu unaweza kumfikia ndovu kabla hajakusikia. Kata njia ya mkato msituni pale tu maafisa wa wanyamapori na wa misitu wamekuruhusu. Asubuhi, kabla ya kuondoka, uliza wenyeji ndovu walionekana wapi jana. Na popote wanapopita, usiendeshe giza.

Kuhusu kulala, nenda kwa chifu au mzee wa kijiji kabla jua halijatua, jitambulishe, eleza mtokako na mwendako. Mara nyingi utaonyeshwa uwanja wa shule ya msingi au wa zahanati. Kundi linalopiga hema kichakani bila kuaga huwatia watu hofu, na kwa haki. Siku hizi mgeni asiyejulikana usiku si jambo la kuchekea.

Hesabu ya siku

Kwenye lami kijana mwenye nguvu huenda kilomita 20 kwa saa. Kwenye vumbi, akiwa na mizigo, atashukuru akipata kumi. Huku kwetu mwanga ni saa kumi na mbili tu kwa siku. Ukianza kukipambazuka, ukapumzika kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri kwa sababu ya jua, kisha ukaendelea hadi saa kumi na moja na nusu, umebaki na saa saba hivi za kuendesha. Saba mara kumi ni kilomita 70, na hiyo ni siku isiyo na pancha hata moja.

Kwa hesabu hiyo safari yetu ingeweza kuwa ya siku tatu. Tumeifanya nne. Usiku wa kwanza Mariakani, wa pili Bamba, wa tatu Vitengeni, wa nne Malindi. Siku ya Bamba ni fupi kwa makusudi, ili tufike mapema, tununue chakula na maji, na tuulizie njia ya kesho yake.

Nikishindwa natokea wapi

Kwa kila siku tumeandika mlango mmoja wa kutokea: mahali pa karibu penye gari la kuelekea lami. Ukiwa Mariakani, uko kwenye barabara kuu. Ukikwama Bamba au Vitengeni, mlango ni Ganze, na kutoka hapo Kilifi. Karatasi yenye milango hiyo, majina ya zahanati na namba za simu za watu wa kila kituo itakuwa mfukoni mwa kila mmoja wetu, kwa sababu simu huzima. Nakala itabaki nyumbani kwa mtu mmoja, naye anajua kwamba tusipopiga simu kufikia saa mbili usiku, aanze kuulizia. Namba za dharura ni 999 na 112.

Vifaa sitavielezea sana. Tairi pana, angalau inchi mbili, kwa ajili ya mchanga. Tyubu mbili za akiba kwa kila baiskeli, viraka na solushen, kwa kuwa miiba ya migunga haina huruma. Pampu, breki mpya, betri ya kuchajia simu. Baiskeli yenyewe si lazima iwe ya bei kali. Wachukuzi wa maji hupita njia hizo hizo kila siku na baiskeli nzito za chuma zisizo na gia.

Kijana anayetaka kupanga njia yake, iwe ya Kwale, ya Magarini au ya Taita, namshauri aanze na daftari. Aandike maswali hayo manne, na chini ya kila swali aandike jina la mtu wa pale pale aliyemjibu. Kipande cha njia ambacho hakina jina chini yake hakijapangwa bado, hata kama mstari wake kwenye simu umenyooka vipi.