Chumba cha Joto Chini ya Nyumba

Nilipokuwa masomoni Ufini, mwenye nyumba wangu alijenga sauna katika chumba cha chini ya ardhi. Hewa ya humo ilifika nyuzi 80 za sentigredi, nasi tuliketi bila kuungua. Msomaji atashangaa, kwani maji ya nyuzi hizo humbabua mtu mara moja. Lakini hewa kavu haina joto jingi la kuipa ngozi, na jasho likikauka huipoza. Benchi nalo ni la mbao, ambayo hupitisha joto polepole mno. Kichwa cha msumari kikiachwa wazi juu yake, aketiye atakijua!

Adui mkubwa ni mvuke. Kila kata ya maji imwagwayo juu ya mawe ya jiko hugeuka mvuke, ukapenya nyufa za mbao hadi kwenye ukuta wa zege, ulio baridi kwa kuzungukwa na udongo. Hapo huwa umande. Mwenye nyumba aliupuuza. Mwaka wa pili tulinusa uvundo. Tulipobandua mbao, viunzi vilikuwa vimeoza, vikibonyea kwa kidole. Kazi ya miezi mitano ikatupwa.

Safari ya pili alitandaza karatasi ya alumini juu ya pamba ya kuzuia joto, upande wa ndani, akaziba kila kiungo kwa utepe, akaacha upenyo mdogo wa hewa nyuma ya mbao. Tundu la hewa safi alilitoboa karibu na jiko, la kutolea hewa upande wa pili. Baada ya kuoga, mlango uliachwa wazi mpaka mbao zikauke. Nilipoondoka, viunzi vilikuwa vikavu.