Maji Hujaa, Maji Hupwa: Mwaka Mmoja wa Kandanda ya Unguja na Pemba

Wazee wetu wa pwani waliishi na bahari usiku na mchana, na hawakuhitaji mwalimu wa kuwaambia kuwa maji yajaayo ndiyo yapwayo. Mvuvi wa Nungwi akiikuta ngalawa yake imekaa juu ya mchanga haoni ajabu, wala haitii moto kwa hasira. Huketi akatengeneza nyavu zake, maana ajua maji yatarudi. Elimu hii twaijua sote tukiwa ufukoni, lakini mara nyingi twaisahau tufikapo uwanjani. Timu yetu ikishinda twadhani haitashindwa tena, na ikishindwa twaizika siku hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwakumbusha wasomaji wetu, wazazi kwa vijana, habari za mwaka 2017. Katika mwaka ule mmoja kandanda ya Zanzibar ilipandishwa juu, ikateremshwa, kisha ikapanda tena yenyewe kwa miguu ya vijana wake. Ni habari yenye furaha na huzuni, na ndani yake yamo mafunzo ambayo nyumba zetu zayahitaji.

Kwanza na tujue tulikotoka. Mwenye kutoka Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo hupita karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja. Zamani za ukoloni ndipo palipokuwa pakichezwa michezo ya kila namna. Kriketi ilikaa zaidi mikononi mwa Waingereza na jamaa wenye asili ya Kihindi, kwani ilitaka vifaa vya gharama na mchana mzima wa nafasi. Lakini mpira wa miguu haukuchagua mtu. Mchukuzi wa bandarini, karani wa serikali, mvuvi na mwana wa tajiri, wote waliweza kuucheza. Na mtoto asiye na mpira wa kununua alifunga matambara kwa kamba, akapata mpira wa chandimu uliomtosha. Hivyo kandanda ikaenea kutoka mjini hadi mashamba, na kila mtaa ukawa na timu yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Zanzibar iliingia katika Kombe la Gossage, lililokuwa limeanzishwa mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda. Mashindano hayo ndiyo asili ya kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, ambalo leo twalijua kwa jina la CECAFA. Katika kombe hilo Zanzibar huingia kwa jina lake na bendera yake. Mwaka 1995, nchini Uganda, vijana wake walilitwaa, na tangu siku hiyo kila baba aliyeishuhudia amekuwa akiwasimulia wanawe.

Sasa tuje katika kiini cha habari. Nchi zetu mbili ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, lakini michezo haikutiwa katika mambo ya Muungano. Zanzibar ina chama chake cha mpira, ligi yake na timu yake. Hata hivyo Shirikisho la Mpira la Dunia, yaani FIFA, latambua chama kimoja tu kwa Tanzania nzima, nacho ni kile cha Bara. Na katika Shirikisho la Afrika, CAF, Zanzibar ilikuwa mwanachama mshiriki tu. Klabu zake zilicheza mashindano ya klabu ya Afrika, lakini timu yake ya taifa haikuwa na njia ya kuingia katika Kombe la Mataifa ya Afrika, wala chama chake hakikuwa na kura mkutanoni. Ilikuwa kama mgeni aliyeruhusiwa kuingia ukumbini, ila hakuwekewa sahani.

Basi tarehe 16 Machi 2017, mjini Addis Ababa, wajumbe wa CAF walikutana. Ndio mkutano ule uliomwondoa Issa Hayatou wa Cameroon, aliyekaa katika uongozi miaka 29, na kumweka Ahmad Ahmad wa Madagascar mahali pake. Katika mkutano huo huo Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili, wa 55. Furaha iliyowashukia watu wa visiwani si ya kuelezeka kwa maneno machache. Kijana wa Makunduchi au wa Wete, aliyekuwa akiwaona wenzake wa nchi nyingine wakicheza Kombe la Mataifa, aliona mlango umefunguliwa mbele yake.

Lakini mlango huo ulikaa wazi siku 127 tu. Tarehe 21 Julai 2017, katika mkutano wa Rabat, Morocco, kiongozi mpya wa CAF alitangaza kuwa Zanzibar haikustahili kukubaliwa tangu mwanzo. Alieleza kwamba kanuni haziruhusu vyama viwili kutoka nchi moja, na kwamba nchi ni ile inayotambuliwa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Uanachama ukafutwa. Kilichotolewa Machi kikachukuliwa Julai, na Zanzibar haikuwa imecheza hata mechi moja ya kufuzu.

Msomaji atauliza: je, jambo hili halina mfano duniani? Mifano ipo, nayo haifanani. Uingereza ni dola moja, lakini England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila mmoja ana chama chake ndani ya FIFA. Sababu ni ukongwe, kwani chama cha England kiliundwa mwaka 1863, na FIFA yenyewe ilizaliwa mwaka 1904. Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark, vilikubaliwa mwaka 1988. Gibraltar, mji mdogo usio dola, ulihangaika miaka mingi na kufika hadi mahakama ya michezo, ukakubaliwa Ulaya mwaka 2013 na katika FIFA mwaka 2016. Basi wenye kuiona hukumu ya Rabat kuwa ngumu wana hoja, na wenye kusema kanuni ni kanuni nao wana hoja. Sisi hatukukusudia hapa kuwa makadhi wa shauri hilo. Shabaha yetu ni vijana: wamepokonywa jambo walilopewa, je, watafanya nini?

Jibu lilipatikana Desemba ya mwaka ule ule, nchini Kenya, katika Kombe la CECAFA. Kocha wa Zanzibar alikuwa Hemed Suleiman, ajulikanaye kwa jina la Morocco. Wengi wa wachezaji wake walikuwa vijana ambao majina yao hayakujulikana nje ya visiwa, na hapakuwa na watu wengi walioitaja timu hiyo miongoni mwa zile zitakazofika mbali.

Mechi yao ya kwanza walicheza na Rwanda, wakashinda mabao 3 kwa 1. Ya pili ilikuwa na ndugu zao wa Tanzania Bara, wakashinda 2 kwa 1. Walipokutana na wenyeji Kenya hakuna aliyelifikia lango la mwenziwe. Kisha, watu walipoanza kuona kuwa hawashindiki, wakafungwa na Libya bao 1 kwa bure. Hata hivyo pointi zao 7 ziliwatosha kuingia nusu fainali nyuma ya Kenya. Huko Kisumu walimkuta Uganda, aliyekuwa bingwa mtetezi, nao wakamtoa kwa mabao 2 kwa 1. Zanzibar ikafika fainali, miaka 22 baada ya lile kombe la 1995.

Fainali ilichezwa Machakos tarehe 17 Desemba 2017. Kenya walifunga mapema, katika dakika za mwanzo kabisa. Mchezo ukaenda, muda ukapungua, na wengi wakadhani habari imekwisha. Zilipokuwa zimesalia dakika chache, Khamis Musa akasawazisha. Wakaingia katika muda wa nyongeza, Kenya wakafunga tena, na haukupita muda Khamis Musa akasawazisha mara ya pili. Mabao yakawa 2 kwa 2, na shauri likaachiwa mikwaju ya penalti. Hapo mlinda lango wa Kenya, Patrick Matasi, alisimama imara akazuia mikwaju mitatu. Kenya wakashinda kwa penalti 3 dhidi ya 2, wakatwaa kombe.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Zanzibar kunyimwa kombe kwa njia hiyo. Mwaka 2006, mjini Hamburg, Ujerumani, katika mashindano ya timu zilizo nje ya FIFA, ilifika fainali ikashindwa na Kupro ya Kaskazini kwa penalti. Mwenye kutazama kwa jicho la juu juu atasema ni bahati mbaya. Lakini walipotia mguu visiwani kutoka Kenya, vijana wale hawakupokewa kama walioshindwa. Walipokewa kwa shangwe kama watu walioleta kitu nyumbani, na kwa hakika walikileta. Julai watu waliambiwa kuwa wao si timu ya taifa. Desemba walisimama mbele ya mataifa manne kati ya matano waliyokutana nayo bila ya kufungwa katika muda wa mchezo.

Katika mafunzo ya dini yetu kimepokewa kisa kinachofaa hapa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na ngamia wake aitwaye Adhbaa, ambaye hakuna mnyama aliyeweza kumpita katika mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake mchanga, akampita. Masahaba wakaona uchungu mkubwa. Mtume alipoutambua uchungu wao aliwafunza kuwa Mwenyezi Mungu amejiwajibishia kuwa hakuna kitu cha dunia kinyanyukacho ila hukishusha. Tuzingatie kwamba hakumlaumu bedui, wala hakutafuta visingizio kwa ngamia wake. Hii ndiyo adabu ya mashindano.

Adabu hii ina kazi katika nyumba zetu. Kijana akikosa penalti, awe wa timu ya taifa au wa timu ya mtaa wa Jang'ombe, hastahili kutukanwa na watu walioketi barazani wakinywa kahawa. Aliyekosa ni yule aliyethubutu kwenda kupiga. Mwenye kukaa pembeni hajapata kukosa. Tena, Zanzibar ilipomfunga ndugu yake wa Bara, furaha ilikuwa halali, lakini kejeli si halali. Mpira huisha kwa dakika 90, na undugu haupimwi kwa saa ya mwamuzi. Na wazazi nao wakumbuke: mtoto ajifunza kushindwa kwa kumtazama baba yake anavyoshindwa. Baba akivunja redio kwa sababu timu yake imefungwa, asistaajabu siku mwanawe atakapochana daftari kwa sababu amefeli mtihani.

Na yaliyofuata baada ya mwaka ule yathibitisha kuwa jasho halipotei. Kocha Hemed Suleiman, aliyerudi kutoka Machakos bila kombe, baadaye alikabidhiwa timu ya Taifa Stars, na mwaka 2024 akaifikisha Tanzania kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Feisal Salum, kijana wa Zanzibar aliyekuwa katika kikosi kile, alichukuliwa na Yanga mwaka 2018, akawa miongoni mwa viungo wanaotajwa sana katika mpira wa Tanzania. Mwaka 2023, nchini Uganda, watoto wa Zanzibar walio chini ya miaka 15 walitwaa ubingwa wa CECAFA wa umri wao. Na Januari 2025, katika uwanja wa Gombani, Pemba, timu ya Zanzibar ilitwaa Kombe la Mapinduzi mbele ya watu wake.

Lakini lile jeraha la Rabat halijapona. Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970 na kutengenezwa upya hadi kufunguliwa tena Desemba 2023, ulipokea mashindano ya CHAN Agosti 2025. Senegal, Sudan, Congo na Nigeria walikuja kucheza hapo, na bendera zao zikapepea juu ya nyasi za Unguja. Watoto wa Zanzibar wakakata tikiti wakaingia kuwatazama wageni katika uwanja wao wenyewe, katika shirikisho ambalo jina la nchi yao halimo katika orodha ya wanachama kamili. Ni heshima kuwa mwenyeji. Lakini mwenyeji naye hutamani siku moja aketi pamoja na wageni wake.

Siku hiyo itafika au haitafika, sisi hatuna ilimu ya ghaibu. Lenye kutuhusu ni la leo. Alasiri kila kijiji cha Unguja na Pemba huwa na vijana wakikimbiza mpira mchangani mpaka magharibi inapowaita. Wazee wapite wawatazame, wawape moyo, wawanunulie mpira ikiwa uwezo upo, na wawasomeshe. Vijana nao washike nidhamu, waache kuuza mchezo wao kwa wacheza kamari, na wasingoje mlango ufunguliwe ndipo waanze mazoezi. Kanuni za mikutano huandikwa na wakubwa mbali na hapa, lakini mguu unaojua mpira hulelewa nyumbani.