Fondasio juu ya Muchanga

Unataka kujenga karibu na mashini kubwa ao njia ya makamio? Angalia udongo kwanza. Muchanga usioshindiliwa ukitikiswa, chembe zake zinakaribiana. Fondasio inashuka, ukuta unapasuka. Kukiwa maji ndani, ni mubaya zaidi: yanaachanisha chembe, udongo unakuwa kama uji.

Tarehe 16/6/1964, kule Niigata, Japani, inchi ilitetemeka. Nyumba za etaje ziliinama nzima-nzima bila kuvunjika. Ukuta ulikuwa na nguvu. Chini njo kulikosa.

Basi, mbele ya kununua matofali, chimba shimo. Ukikuta muchanga na maji, tafuta kiwanja kingine. Pasipo maji, shindilia tabaka kwa tabaka. Watoto wako njo watalala mule.