Mgeni Mwenye Kofia Nyeusi

Wasomaji wanaokaa karibu na misitu ya Nyandarua au Mlima Kenya, au hata Karura huko Nairobi, huenda mwezi wa Novemba wakasikia vichakani sauti kama ya vijiwe viwili vinavyogongwa: tak, tak. Mtu akisimama akatulia, aweza kumwona ndege mdogo wa kijivu, amevaa kofia nyeusi ti. Waingereza humwita kwa jina lenye maana hiyo hiyo, nasi tuwafuate.

Kofia nyeusi ni ya dume. Kofia ya jike, na ya watoto pia, ni ya hudhurungi. Hivyo wengi hudhani ni ndege wa aina mbili. Wala asichanganywe na shore, ambaye kichwa chake ni cheusi vilevile: shore ni mkubwa zaidi, na chini ya mkia ana manyoya ya manjano. Mgeni huyu hana manjano popote, na uzito wake ni gramu 20 hivi tu.

Hapa hajengi kiota. Huzaa Ulaya na Asia ya Magharibi. Baridi ikaribiapo wadudu hupungua, naye hula matunda mpaka anenepe, kwani mafuta hayo ndiyo masurufu yake. Husafiri usiku. Je, nani amwonyeshaye njia? Mwaka 1991 mtaalamu Andreas Helbig alieleza jinsi ndege wa magharibi mwa Ulaya, waelekeao kusini-magharibi, walivyozalishwa vizimbani na wale wa mashariki, waelekeao kusini-mashariki. Watoto wao walielekea katikati! Basi njia imo katika damu.

Lakini damu haimwonyi juu ya mitego. Kisiwani Cyprus hunaswa kwa ulimbo akaliwa, ijapokuwa sheria imekataza tangu mwaka 1974. Vijana wetu nao waujua ulimbo, na manati zaidi. Afikaye kwetu amekwisha kuvuka bahari na jangwa, na kabla ya Aprili hana budi kunenepa tena kwa matunda ya miti yetu ili arudi kuzaa.

Ukimwokota amekufa, naye ana pete ya madini mguuni, nakili namba na maneno yaliyochorwa, tarehe na mahali, upeleke habari Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Akiwa hai, soma namba, kisha umwachilie pamoja na pete yake.