Goma: Namna ya kutambua piesi orijinali za kupunguza moshi kwenye gari la zamani

Katika butike za piesi za Birere, mazungumzo huenda karibu namna moja kila siku. Mwenye gari anafika na fundi wake, anataja jina la gari, "RAV4" ao "Corolla", na muuzaji anaweka boksi juu ya meza. "Papa, hii ni orijinali ya Japani," anasema. Boksi iko na maandishi mazuri, plastiki yake haijafunguliwa. Makuta yanatoka mfukoni. Jioni gari linawaka, linatembea, kila mtu anarudi nyumbani ameridhika.

Breki ya uongo haikawii kujitangaza: gari linapiga kelele ao halisimami. Piesi za kupunguza moshi haziko hivyo. Ukiweka sonda ya gari lingine, ao katalizeri iliyo tupu ndani, gari litatembea tu, pengine miaka. Ndiyo maana hapa ndipo mnunuzi anadanganywa kwa urahisi kuliko kwingine kote. Anayelipa ni tangi ya esansi, na mapafu ya wale wanaosimama kando ya barabara.

Wakaaji wa Goma wanaijua hewa inayoua bila kuonekana. Mazuku, ile gesi ya dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini kwenye mawe ya volkeno upande wa kuelekea Sake, imekwisha kuua watu na mifugo. Bomba la gari nalo linatoa gesi yake, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, pamoja na gesi zingine zinazochoma kifua. Katalizeri nzima iliyopata moto inaondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo. Iliyotobolewa haiondoi chochote.

Piesi zenyewe ni zipi

Kwenye gari la esansi lililotoka Japani, piesi za moshi ni chache. Ya kwanza ni katalizeri, lile boksi la chuma kwenye bomba la moshi ambalo ndani yake kuna jiwe lenye matundu madogo kama sega la asali. Sonda ya oksijeni imefungwa karibu yake na inaambia kompyuta ya gari kama esansi imezidi ao imepunguka. Valvu ya PCV inarudisha mvuke wa mafuta ya mota ndani ya injini, na valvu ya EGR inarudisha sehemu ya moshi ili moto usizidi. Kuna pia kopo la makaa linalomeza mvuke wa esansi ya tangi, na hata kifuniko cha tangi kimo katika hesabu hiyo.

Kwa sonda, mwinuko wa Goma una maana yake. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini ya esansi inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya esansi. Sonda nzima inasaidia kompyuta kupunguza esansi kulingana na hewa iliyopo. Ikikufa, ao ikiwa si yake, kompyuta inafanya kazi kwa kukisia, esansi inazidi, na ile isiyoungua inaenda kuunguzia ndani ya katalizeri mpaka jiwe linayeyuka. Piesi moja ndogo imeua nyingine ya bei kali.

Kibao kabla ya boksi

Kosa kubwa la wanunuzi ni kwenda sokoni na jina la gari tu. "RAV4" si jina la gari moja. Kuna SXA11 ya miaka ya 1990 yenye injini 3S-FE, na kuna ACA21 iliyokuja baadaye na injini 1AZ-FSE. Piesi zao za moshi hazifanani hata kidogo.

Jina la kweli liko kwenye kibao cha chuma ndani ya boneti, kwenye ukuta kati ya injini na viti, ao kwenye nguzo ya mlango. Hapo panaandikwa modeli, namba ya chasisi na injini. Magari ya Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumiwa Ulaya na Marekani. Namba yao ni fupi: herufi za modeli, kistari, halafu tarakimu. Yafaa kupiga picha ya kibao hicho kwa simu na kuihifadhi.

Kuna jambo lingine pale ambalo hata mafundi wengi wanalipita. Mbele ya modeli kuna herufi moja, mbili ao tatu, kwa mfano E-AE100 kwenye Corolla ao TA-ACA21W kwenye RAV4. Hizo si pambo. Zinasema gari lilitengenezwa kufuata sheria gani ya moshi ya Japani. Herufi E peke yake ni sheria ya mwaka 1978, iliyokuwa kati ya sheria kali kuliko zote duniani wakati ule: gramu 0.25 tu za oksidi za naitrojeni kwa kila kilomita. GF ni sheria ya 1998. TA ni gari lililo chini ya kipimo cha mwaka 2000 kwa asilimia 25, LA kwa asilimia 50, UA kwa asilimia 75. Herufi tatu kama CBA na DBA zinahesabiwa kwa kipimo cha 2005. Kama kibao kimeliwa na kutu, herufi hizo ziko pia kwenye hati ya Japani ya kusafirisha gari, ile karatasi ambayo wengi wanaisahau kwenye droo baada ya kumaliza forodha.

Magari mengi mjini bado yana kibandiko cha Kijapani kwenye kioo cha nyuma chenye nyota. Watu wanakiacha kama urembo. Nyota nne maana yake gari lilipotoka kiwandani lilitoa sumu pungufu kwa asilimia 75 kuliko kipimo cha sheria ya 2005. Leo kuna magari yenye nyota nne kwenye kioo na moshi mweusi nyuma.

Namba ya tano na tano

Piesi ya Toyota ina namba ya tarakimu ao herufi kumi, iliyogawanywa na kistari: tano mbele, tano nyuma. Tano za mbele zinataja aina ya piesi, na hazibadiliki kutoka gari moja kwenda lingine. 89465 ni sonda ya oksijeni. 25620 ni valvu ya EGR. 12204 ni valvu ya PCV. 77740 ni kopo la makaa. Tano za nyuma ndizo zinazosema ni ya gari gani na injini gani.

Kwa hiyo muuzaji akionyesha sonda yenye 89465 mbele, amesema kweli kwamba ni sonda ya Toyota. Hajasema kwamba ni ya gari hilo. Kuna mtego mwingine: namba 89467. Hiyo ni sonda ya aina nyingine, inayopima hewa na esansi kwa namna tofauti. Kwa macho ni pacha wa ile ya kwanza, ina umbo lile lile. Ukiibadilisha na mwenzake, kompyuta inasoma upuzi.

Namba inayofaa kulinganishwa ni ile iliyochongwa kwenye chuma ao plastiki ya piesi, si ile ya boksi. Boksi inachapishwa popote. Sonda nyingi za Toyota zimetengenezwa na Denso, na jina hilo linaonekana kwenye mwili wa sonda pamoja na namba. Herufi zikiwa zimepakwa rangi inayotoka kwa kucha, hakuna haja ya kuendelea na bei. Nyaya nazo zihesabiwe: sonda ya waya moja, ya tatu na ya nne si kitu kimoja. Fundi anayekata plagi na kuunganisha waya "rangi kwa rangi" anatengeneza tatizo la mwezi ujao.

Kwa haki ya wauzaji, si kila namba tofauti ni ulaghai. Kiwanda hubadilisha namba ya piesi na kutoa mpya inayochukua nafasi ya ile ya zamani. Hilo linahakikishwa kwenye katalogi za intaneti, ambako mtu anaingiza namba ya chasisi na kuona piesi ya gari lake. Muuzaji mwaminifu hakatai mnunuzi achukue dakika tano kutazama simu.

Wanaotunza magari ya zamani ya mbio wamejifunza hili kwa gharama. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971, ikarudia mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Zile zilizouzwa Marekani mwaka huo wa 1973 zilikuwa na kabureta mpya juu ya sheria za moshi. Wenye magari hawakuzipenda, wengi wakazitoa na kufunga za miaka ya nyuma. Leo anayetaka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani anatafuta zile zile zilizotupwa, na anazitambua kwa umbo na namba zilizochongwa.

Mpya ao okazioni?

Jibu linategemea piesi. Valvu ya PCV ni ya bei ndogo, inunuliwe mpya. Ile ya zamani hupimwa kwa kuitikisa: nzima inalia "ta-ta" ndani, iliyoziba ni kimya. Ikiziba, presha ya mafuta inatafuta njia, sili zinavuja, na watu wanaanza kusema injini imechoka.

Sonda ya okazioni ni bahati nasibu, kwa sababu hiyo ni piesi inayochakaa. Ya zirkonia ya kawaida inaweza kupimwa kwa multimita injini ikiwa na moto: umeme wake unapaswa kupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, mara kadhaa kwa sekunde kumi. Ikikaa mahali pamoja, imekufa ao imechelewa.

Katalizeri ni kinyume chake. Orijinali ya okazioni iliyo nzima ni bora kuliko nyingi mpya za bei rahisi, ambazo zina madini kidogo sana ndani. Ya orijinali ina ngao ya chuma yenye alama zilizogandamizwa, kama ile GD3 inayojulikana kwenye Prius ya kizazi cha pili. Ipigwe kwa kiganja: ikilia kama kuna changarawe, jiwe limevunjika. Imulikwe kwa tochi: matundu yawe madogo, yenye mpangilio, bila kuyeyuka. Kama mwanga unapita kama kwenye bomba tupu, ni ganda.

Na maganda yapo kwa sababu. Ndani ya jiwe kuna platini, paladi na rodi. Mwaka 2021 bei ya rodi ilipita dola 25,000 kwa aunsi moja, na wizi wa katalizeri ukazidi huko London na miji ya Marekani. Ripoti ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo milioni 14 ya okazioni yaliyosafirishwa duniani kati ya 2015 na 2018, asilimia 40 yakiletwa Afrika, na ikaonya kwamba mengine hutolewa piesi za thamani kama katalizeri. Gari linaweza kufika limekwisha kuibiwa tumbo. Inashangaza kidogo: katika mkoa ambapo hata mtoto anajua jina la koltani, mwenye gari anaambiwa "tutoe hiyo, inaziba tu, gari litapata nguvu," na anaacha madini yake garajini bila kuuliza.

Wazo hilo la "inaziba tu" lilikuwa na ukweli zamani. Esansi yenye risasi iliua katalizeri haraka. Lakini nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuagiza esansi hiyo mwanzoni mwa 2006, baada ya makubaliano ya Dakar ya 2001. Katalizeri ikiziba leo, sababu iko mbele yake: sonda, plagi za moto, mafuta yanayopita pistoni, ao esansi ya bidoni ya kadafi iliyochanganywa na petroli ya taa. Kuitoa bila kutafuta sababu hakuponyi injini.

Kabla ya kulipa gari la okazioni, mnunuzi afungue kontakti bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliyeitoa ili isiseme. Na siku ya matengenezo, mwenye gari aseme mapema: "Fundi, piesi ya zamani nitarudi nayo nyumbani," halafu alinganishe namba yake na ile mpya palepale, kabla boneti haijafungwa.