Kupunga upepo kwa penseli: michoro ya Waromania huko Balcic



Wengi wetu tukiingia kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya hukimbilia picha za rangi, na michoro ya penseli tunaipita kama karatasi za mazoezi. Leo naomba niitetee kwa mfano mmoja: michoro ya Waromania ya watu wanaopunga upepo ufukweni, iliyochorwa baina ya vita vikuu viwili, hasa Balcic, mji mdogo wa Bahari Nyeusi.

Kwanza, kwa nini penseli? Mtu aliyejilaza mchangani hatulii saa nzima. Atageuka, atajifunika uso, ataingia majini. Rangi za mafuta zinataka zana nyingi na subira. Penseli inataka daftari na jicho la haraka tu. Halafu kuna jua lenyewe. Mchoraji halichori, analiacha. Karatasi isiyoguswa ndiyo mwanga, na mistari ya karibukaribu chini ya mwavuli ndiyo kivuli. Kwa hiyo anza kutazama pale palipoachwa weupe.

Pili, na hapa ndipo penye jambo: pwani ile ilikuwa ya nani? Romania iliichukua Dobruja ya Kusini, pamoja na Balcic, kutoka Bulgaria mwaka 1913. Ikaipoteza katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha ikairudisha. Wachoraji kama Nicolae Tonitza na Iosif Iser walivutiwa na mji ule wa Waturuki, Watatari na Wabulgaria, wenye nyumba zilizopanda kwenye majabali meupe. Malkia Marie, mjukuu wa Victoria wa Uingereza, alijijengea kasri pale miaka ya 1920, tena lenye mnara kama wa msikiti. Basi nikiona mchoro wa mapumziko wa Balcic huwa najiuliza: nani amelala, nani anafanya kazi, na nani hayumo kabisa? Starehe nayo ilikuwa njia ya kuizoea ardhi yenye mgogoro kana kwamba mgogoro haupo.

Tonitza alifariki Februari 1940. Septemba mwaka huohuo, Mkataba wa Craiova ukairudisha Dobruja ya Kusini kwa Bulgaria. Waromania karibu laki moja wakahamishiwa kaskazini, na Wabulgaria zaidi ya 60,000 wakaletwa kusini. Hata moyo wa Malkia Marie, uliowekwa kanisani Balcic baada ya kifo chake mwaka 1938, nao ukahamishwa. Leo mji unaitwa Balchik, na uko Bulgaria.

Kwa hiyo mkikutana na mchoro kama huo, msiishie kwenye mwavuli na mawimbi. Someni mahali na mwaka vilivyoandikwa pembeni. Ikiwa ni Balcic kabla ya 1940, basi wale waliojilaza pale hawakujua kwamba pwani ile itabaki ng'ambo ya mpaka. Sisi tunaoishi mbali na kwetu tunalielewa hilo bila kuelezwa sana.